Vipande vya Ndimu vya Bi Mkubwa

Bi Mkubwa,

Nilipoanza kwenda kisomoni kujifunza kusoma na kuandika, ulinicheka mbele ya majirani. Nimejifunga khanga, nimeshika daftari, natoka zangu, nawe ukaniuliza pale barazani, "Mwajuma, kwani wewe una nani wa kumwandikia?" Wakacheka wote, nami nikacheka kidogo ili yapite. Haya, nimempata. Barua yangu ya kwanza tangu nijue kuandika ni yako wewe uliye chini ya udongo. Huwezi kunijibu, na sitakuficha kwamba hilo linanifurahisha.

Nianze na habari za nyumbani. Khanga zako tumezigawa. Ile ya maua mekundu, ambayo hukutaka hata niianike, ninayo mimi, naivaa nikisonga ugali. Kuku wako mweupe tulimla. Mndimu wako pale uani umezaa mpaka matawi yanainama, kana kwamba ulikuwa unakungoja uondoke kwanza. Asha, mwanao, hajambo, amerefuka, anaanza kufanana na wewe kuanzia kwenye mdomo. Mume wetu naye hajambo. Anaranda mbao zake kama kawaida na siku hizi halalamiki mgongo.

Mtaa mzima wa Mtendeni bado unakutaja. Hilo ndilo lililonikalisha chini nikaandika.

Nikuulize, Bi Mkubwa, ulipata nini? Nilipoletwa kwako kutoka Sikonge nilikuwa mtoto wa watu, nimezoea asali na vumbi la tumbaku, sijui mjini watu wanakaaje. Nilikupigia magoti nikakwambia, "Shikamoo, dada." Ukaitikia "Marahaba" huku ukinitazama miguu. Kuanzia siku hiyo nikawa mshamba wa Sikonge. Nikavumilia. Nilijua mke mdogo hapokelewi kwa vigelegele na mkubwa.

Lakini vile vipande vya ndimu nilivipenda kwa moyo wangu wote. Nakumbuka siku ya kwanza kukuona ukivipika. Ulituambia jinsi ulivyokuwa yaya kwa mama wa kizungu kule kwenye nyumba za reli kabla ya Uhuru, yeye akioka kwa limau na oveni, na jinsi ulivyokuja kuvigeuza viwe vyetu, kwa ndimu za uani na makaa. Ulikanda unga wa ngano kwa samli na sukari, ukaubandika kwenye sinia la bati ukaukandamiza kwa ngumi, huo ndio kitako. Ukaufunika kwa bati jingine, makaa chini, makaa juu, ukaenda kukaa kama mtu asiye na haraka. Baadaye ukapiga mayai na sukari na maji ya ndimu, rojo la njano, likaenda juu ya kitako, yakarudi makaa. Vilipotoka ukakata vipande virefu, vikavu chini, laini juu, vikali na vitamu kwa pamoja. Ukachukua pembe za sinia, zile zinazoungua kidogo, ukazipuliza kwa mdomo wako mwenyewe ukanipa. "Kula, Mwajuma. Pembe ni za mpishi na rafiki yake." Nililia kwa ndani. Nilidhani nimepata dada.

Nikakuomba unifundishe, na ukanifundisha. Ulikaa na mimi kwa upole ambao sikuuzoea. Vipimo vyote ulinipa sawa, moto ulinionyesha sawa. Kisha ukaniambia, na nakumbuka hata namna ulivyokuwa unajifuta mikono, "Kitako kikiiva kitoe, kiweke kivulini, subiri kipoe kabisa. Ukikimiminia rojo kikiwa cha moto, mayai yatakatika." Ukinifundisha ulikuwa unawatoa watoto jikoni. Nikadhani ni heshima.

Basi nikawa nasubiri kipoe. Na kila nikikata, rojo limepenya chini, kitako kimelowa, kipande kinashikwa huku kinavunjika kule. Nilibadilisha unga. Nilibadilisha samli. Nikapunguza ndimu, nikaongeza mayai mpaka kuku wakanichukia. Sukari yenyewe ya kupanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, mtu unapewa ya kufunga kwenye pindo la khanga, nayo naiharibu. Wewe ulikuwa ukija unachukua kipande changu kilicholowa, unakinyanyua mbele ya wageni kidondoke chenyewe, unasema kwa huruma, "Mwenzangu ana mkono wa baridi. Si kosa lake. Kuna wanawake hakuna kinachoshika kwao." Wote walielewa unasema nini, maana sikuwa na mtoto. Hadi leo sina. Mume wetu alikuwa anaangalia pembeni.

Nikaamini. Hilo ndilo nisilokusamehe. Niliitazama mikono yangu nikaamini ina kasoro, nikawa hata nikishika mtoto wa jirani nahisi nitamuunguza kwa ubaridi.

Ukaugua. Nani alikuogesha? Nani alikuwa anakugeuza, anakubadilisha mashuka, anakushikilia bakuli unapotapika? Mdogo wako Tatu alikuwa kwake Kigwa, anatuma salamu na abiria wa treni. Siku ile nimekushikilia bakuli, mume wetu amekaa kwenye kiti, ukamwambia nikiwa hapo hapo, "Nikifa mchukue Tatu amlee mwanangu. Huyu hata sinia la ndimu linamshinda, nyumba ataiweza? Mrudishe kwao." Ukanitazama kidogo, ukatapika. Nikakufuta mdomo.

Mrudishe kwao. Na ulijua, Bi Mkubwa. Ulijua kwetu hapakuwa kwetu tena. Wazee wangu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba yetu imeezuliwa ili mtu asirudi, mizinga ya baba imebaki porini, wao wenyewe wanalala kwenye kibanda cha nyasi wakisubiri waonyeshwe mahali pa kujenga. Ningerudi wapi? Ningebanana na nani?

Ukafa. Tukakuzika vizuri, watu walijaa. Mume wetu hakunifukuza, yeye si mtu wa maneno makali, unamjua. Aliniambia tu, "Mwajuma, maneno ya marehemu ni mzigo. Arobaini ikifika Tatu atakuja, tutaona." Nikauliza tutaona nini. Akasema, "Alitaka kwenye hitma yake watu wale vipande vyake. Atakayeviweza ndiye ataishika nyumba. Siwezi kumnyima yote aliyoyataka." Akainama akaendelea kuranda. Nikasimama pale nikitazama maranda yanadondoka, nikajua nimekwisha, maana tangu lini mimi nimeviweza?

Tatu akaja na treni, na sanduku lake. Mtu na sanduku la bati, Bi Mkubwa, si wa kulala siku mbili. Majirani walituchangia sukari, kila nyumba ikatoa kidogo kutoka kwenye mgao wake, ikatosha masinia mawili na si kijiko zaidi. Mume wetu akasema kila mmoja apike lake. Wanawake waliokuja kupika pilau ya hitma wakajifanya wanachambua mchele, macho yote kwetu.

Tatu akaanza. Mimi nikakaa kwenye kibao nikimwangalia, nikitaka nione basi huo mkono wa moto, mkono wa damu yako. Akakanda vizuri. Akakandamiza vizuri. Makaa chini, makaa juu. Kitako kikaiva, kikanukia. Akakitoa, akakiweka kivulini, akachukua pepeo akaanza kukipepea.

Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Nasubiri kipoe kabisa. Dada alisema cha moto kitakata mayai."

Alipokata, kililowa. Kilidondoka mkononi mwake kama vyangu vyote. Akakiokota, akakitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Kila mara ndivyo kinavyonifanyia. Dada alisema nina mkono mzito."

Mimi mkono wa baridi, yeye mkono mzito, na kosa ni lile lile moja, mahali pale pale. Wanawake wawili, mmoja wa Sikonge na mmoja wa Kigwa, hatujawahi kupika pamoja hata siku moja, tunaharibu kwa namna ile ile. Basi si mikono. Ni yale maneno. Nikakumbuka ulivyokuwa unawatoa watoto jikoni. Nikakumbuka kwamba ulipokuwa unapika mwenyewe hukuwahi kuonekana na sinia kivulini, hata siku ile ya kwanza.

Nikainuka nikapika langu. Kitako kilipoiva sikukitoa hata mbali na jiko. Nilikuwa nimeshapiga rojo tayari, nikalimimina kikiwa kinachemka, kikalia chwaa, wanawake wakashtuka. Shoga yako Bi Mwanne akasema, "Unaharibu sukari ya watu." Nilipokuwa napanga makaa juu, moja likaanguka likaniunguza mguu, kovu ninalo. Kama ningekosea, basi ningekwenda kijijini kulala chini ya nyasi, na Asha angelelewa na mwingine. Sikusema dua. Nilikuwa nakutukana kimoyomoyo, Bi Mkubwa, neno moja moja, mpaka vikaiva.

Vilikatika vizuri. Vikavu chini, laini juu. Nilikata kipande cha kwanza nikakisimamisha kwa ubavu kwenye sinia, kikasimama.

Watu walikula baada ya Yasini. Bi Mwanne mwenyewe akala akafumba macho. Mume wetu alitafuna taratibu, machozi yakamtoka, akaja jikoni akaniambia, "Kaa." Neno moja tu. Tatu akafunga sanduku lake. Kabla hajaondoka tulikaa sote wawili nyuma ya jiko tukala pembe za sinia, akaniuliza, "Na wewe alikwambia usubiri?" Nikamwambia ndiyo. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kisha mwenzangu akaacha kucheka akalia, akasema, "Mimi na yeye tulinyonya ziwa moja." Nilimwonea huruma. Mimi ulinifanyia ubaya kwa sababu ya mume, hiyo naielewa, hata mimi pengine ningekufanyia. Yeye alikukosea nini? Hukumwamini mtu hata mmoja, Bi Mkubwa. Ulitaka tu kiti chako kibaki wazi ukishaondoka, kila atakayekikalia aanguke.

Unadhani hadithi imeishia hapo, nimeshinda, nakuandikia kujisifu. Ningejisifu kama ningeweza. Lakini sikiliza watu walivyolitaja jina lako siku ile, wakilamba vidole: "Bi Zena kama yupo." Idi ikaja, nikapika, nikapeleka nyumba kwa nyumba, wakaniambia, "Hivi ndivyo vyenyewe vya Bi Zena, Mungu amrehemu." Watoto wananiita dirishani, "Mama Mdogo, tupe vya Bi Zena." Mguu nimeungua mimi, ndimu nakamua mimi, foleni ya sukari napanga mimi, jina linakwenda kaburini kwako kila siku likiwa la moto. Mpaka mume wetu. Juzi amekula akasema, "Ah, Zena." Akajigundua, akanywa maji.

Nililala na hasira hiyo muda mrefu. Nilifikiri niache kupika kabisa, jina lako likauke. Halafu Asha akaja.

Alikuja jikoni akafunga mlango nyuma yake. Akasema, "Mama Mdogo, nifundishe." Nikasema vyema, Jumamosi tutapika. Akasogea karibu akanishika mkono, na sauti yake ilikuwa yako, "Lakini nifundishe mimi tu. Wengine wasijue." Na akajifuta mikono kwenye khanga, hivi, kama ulivyokuwa unajifuta. Nikamtazama mtoto niliyemlea, na sikufichi, ulimi wangu ulikuwa tayari na yale maneno. Subiri kipoe kabisa. Yalikuwa mepesi sana mdomoni. Angeyaamini, kwa kuwa ananipenda, kama nilivyokupenda mimi siku ile ya pembe. Angekwenda kwa mume wake siku moja na mkono wa baridi.

Sikuyasema. Usinishukuru, si kwa ajili yako.

Nimekwenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi. Anatafuta kila siku shughuli za akina mama, kila mkutano anatuambia ujuzi ni wa wote na mtu asijifungie kitu peke yake. Nikamwambia mimi ninacho cha kufundisha. Alifurahi akataka kuniandikia mwenyewe tangazo, nikamwambia nitaandika kwa mkono wangu, kisomo nimesoma. Limebandikwa ukumbini. Jumamosi watakuja akina mama wa Mtendeni, na wa mitaa ya jirani, na Tatu nimemtumia salamu, atakuja na treni bila sanduku. Asha nimemwambia apange mstari na wenzake. Amenuna. Atanuna mpaka aolewe, na vipande vyake vitakuwa vikavu.

Baada ya Jumamosi kila nyumba itakuwa na vyake. Vya Mama Fulani, vya Bi Fulani, vya yule wa pale kwenye kisima. Mtoto akiomba dirishani ataomba vya mama yake. Ukilifunga jina lako kwenye sinia moja, linakaa. Sasa natia masinia mengi mno, sijui jina moja litakaa wapi.

Basi pumzika, Bi Mkubwa. Kaburi lako nitalipalilia, na Fatiha nitakusomea kila Alhamisi, hiyo ni haki yako na siwezi kuipunguza. Lakini nakuahidi hili. Jumamosi nitasimama mbele yao wote, kitako kikiwa cha moto, niwaambie, "Akina mama, msisubiri kipoe." Lazima atatokea mmoja atakayeuliza nilijifunza kwa nani. Nitamwambia nilijifunza mwenyewe. Na wewe unajua, kuliko mtu yeyote, kwamba sitakuwa nimesema uongo.

Mimi mwenzako,
Mwajuma