Kwa Nini Sikumwosha Mama

Chanika, Handeni
12 Januari 2025

Dada yangu Hafsa,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Nakusalimu wewe na shemeji, na binti yetu Shamimu, na wote walioko hapo Mnyuzi. Nimesikia vuli imewanyima mahindi na magoti yako yameanza tena, Mungu akuondolee. Ningependa kukuandikia kwamba mimi ni mzima, kama watu wanavyoandika, lakini nitakuwa nimeanza kwa uongo, na uongo kati yetu umetosha.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Ni miezi minne sasa. Mzee Sadala anakuja huko kumwona mwanawe, nimemwomba akukabidhi karatasi hizi mkononi mwako, asimpe mtu mwingine.

Siku ya msiba wa mama, mlipokuwa mnaandaa maji ya kumwoshea, ulinipa ndoo mbele ya wanawake wote. Nikanyoosha mkono wa kulia, ndoo ikaniponyoka, maji yakaingia chini ya mikeka. Ukanitazama, ukasema, "Fundi wa mjini anaogopa kulowa." Wengine wakaguna. Nikatoka, nikakaa nyuma ya jiko mpaka wanaume walipoinua jeneza. Toka siku hiyo, kwenu mimi ndiye yule aliyekataa kumwosha mama yake. Arobaini sikuja, mkasema ndiyo hivyo tena, hana haya.

Sasa sikiliza, dada. Mwezi wa nane, niliposema nakwenda Dar es Salaam kumchukulia Paresh vitambaa vya duka lake, sikufuata kitambaa chochote. Nililazwa. Nina saratani. Walinikata titi la kulia, wakaingia na kwapani kutoa tezi. Aliyejua ni mume wangu Muhsin peke yake. Siku ya msiba nilikuwa na wiki ya tano tangu kisu. Chini ya baibui nilikuwa nimefungwa bandeji, na upande mmoja nimejaza pamba ili msione.

Kidonda chenyewe kilifunga vizuri. Mkono ndio uliokataa. Labda walinionya pale wodini nami sikuwa na masikio. Nilianza kuhisi kitu kinavuta kutoka kwapani kuja kwenye kiwiko, kana kwamba mtu amenishona kwa uzi mfupi kisha akaukaza. Nikijaribu kuuinua mkono mbele ya kioo, naona nyuzi tatu zimesimama chini ya ngozi, ngumu, zimenyooka. Nyuma ya mkono ni ganzi tupu, kwapani ni moto. Sikuweza kufunga sidiria. Sikuweza kufikia kichwa changu mwenyewe. Cherehani nakanyaga, lakini kitambaa hakisukumiki, na mshono unakwenda kama njia ya ng'ombe. Miaka ishirini na mbili nimeshona kwenye baraza la duka la Paresh, na nikawa narudishiwa nguo kama mwanafunzi.

Muhsin alihamia sebuleni wiki ile ya kwanza, akasema asije akanilalia mkono. Siku hizi mkono unalalika, yeye hajarudi. Kisha akaniletea mzee mmoja mwenye wembe na dawa nyeusi kwenye chupa, akaeleza kwamba mkono umefungwa na watu, unataka kuchanjwa. Nilikataa. Muhsin akasema mbele ya mgeni wake kwamba nimekubali kukatwa kikubwa huko mjini, sasa naringa kukatwa kidogo nyumbani. Mpaka leo tunaongea habari za chumvi na mkaa tu.

Aliyenishika ni Shital, mke wa Paresh. Aliniona nikihangaika kushusha jora moja la khanga kutoka rafu ya kati, rafu ambayo zamani nilikuwa naifikia huku nazungumza. Akaniingiza stoo, akafunga mlango, akaniuliza nina nini. Nikafungua nguo. Alilia yeye, mimi sikulia. Wiki ile ile akanipandisha basi mpaka Korogwe, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayeitwa Yusta, mwenyeji wa Lutindi, mwanamke mkavu asiyebembeleza mtu. Aliushika mkono wangu, akauinua mpaka nikapiga kelele, akasema, "Umechelewa. Mkono ukiogopwa hukaza. Lakini haujafa huu."

Alinieleza kwamba zile nyuzi hazijafungwa na mtu yeyote, ni mambo yanayotokea baada ya kukatwa kwapani, na kwamba huachia polepole ukizinyoosha kila siku. Akanisimamisha mbele ya ukuta, akaniambia nitambaze vidole kwenda juu, kidogo kidogo, mpaka panapovuta. Nisimame hapo, nivute pumzi, nishuke. Nisifanye kwa pupa, na nisiache. Akanikataza kubeba ndoo kwa mkono ule, akanikataza wembe na chanjo, na mtu asinipime presha upande ule. Ukivimba, au ukiwa mwekundu na wa moto, nirudi hospitali siku hiyo hiyo.

Basi ukuta wa chumba changu sasa una alama za chaki ya kushonea. Siku ya kwanza niliishia usawa wa bega. Kuna siku alama ilishuka badala ya kupanda, nikaupiga ukuta kwa mkono mzima mpaka nao ukauma. Wiki ya sita, nikiwa nimesimama pale, nikasikia kitu kimeachia ndani, kama uzi wa kifungo unapokatika. Nilijua nimejiua. Nilipomweleza Yusta alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho nimuone akicheka, akasema huo mmoja umeniaga. Leo nafika juu ya kichwa. Naweza kujichana, isipokuwa nywele sina, dawa za dripu zimezichukua zote. Na kila asubuhi naamka umekaza tena, naanza upya usawa wa sikio. Watu wa hapa wananiambia nishukuru. Nashukuru. Lakini wasiniambie tena.

Hapa ningeweza kufunga barua. Ungelia, ungekuja Handeni na kuku, ungeniomba radhi kwa maneno yale ya msibani, nami ningekusamehe kama mtu mkubwa. Mara mbili nimeandika mpaka hapa, na mara mbili nimeichana. Kwa sababu mkono haukuwa sababu yote. Nilikuwa na wa kushoto, dada. Kata ya maji inashikika kwa mkono wa kushoto. Ningeweza kuingia.

Sikuingia kwa sababu nilijua mtakachokikuta mkimvua mama nguo.

Najua ulikiona. Najua pia kwamba mwoshaji hasemi alichokiona kwenye mwili wa maiti, na wewe ni mtu wa dini, kwa hiyo umekaa nacho miezi yote hii peke yako. Naamini umejilaumu. Ulimpikia uji, ulimsikia akikohoa, nyumba yake na yako zinatenganishwa na uchaga wa vyombo tu, na hukujua. Hukujua kwa sababu mama alikuficha. Mimi hakunificha.

Unakumbuka Ramadhani iliyopita alikuja kukaa kwangu. Nilitaka kumshonea gauni la Idi. Nilipopitisha futi kifuani akashtuka, akanishika mkono. Chini ya nguo alikuwa amekunja kitambaa, na kilikuwa kimelowa. Nikamfungua. Titi la kushoto lilikuwa limevutika ndani, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, na kidonda kimeshafunguka, ukubwa wa kifuniko cha soda. Nilimwambia twende hospitali kesho. Akakataa. Akaniapisha nikiwa nimefunga, nisimwambie mtu, na zaidi nisikwambie wewe. Alisema, "Hafsa akijua atanibeba mgongoni mpaka hospitali. Wewe utaniacha."

Alinijua vizuri. Nilimwacha. Nikamshonea gauni lake, nikalipanua upande ule ili lisimguse. Hiyo ndiyo dawa niliyompa mama yetu.

Alipoondoka kurudi Mnyuzi, nikajishika mwenyewe kwa hofu. Nikakuta kitu kama punje ya kunde. Cha kwangu hakikuwa na kiapo. Nilikikimbilia. Nikapimwa, nikarudi, nikapimwa tena, nikakatwa, na ninaishi. Kidonda cha mama ndicho kilichonionyesha changu, nami huku nikipona nilikuwa nasikia kwenye simu kwamba umempeleka zahanati kwa kikohozi, umempa asali na tangawizi, na nikakuitikia, "Endelea hivyo hivyo, dada." Neno moja langu lingekutosha. Sijui kama lingemponya. Pengine muda ulikuwa umepita. Lakini ungemuuguza ukijua unauguza nini, na asingekufa akijifunga vitambaa mwenyewe.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilitunza kiapo. Si kweli. Nilichoogopa ni swali lako. Ungeniuliza mbona mwenyewe nimekwenda.

Sikuandikii ili unisamehe. Ulichosema msibani kiliniuma, na bado kinaniuma, na bado nadhani hukupaswa kukisema mbele za watu. Lakini ungejua yote ungesema kibaya zaidi, na ungekuwa na haki.

Nakuomba jambo moja tu. Mama, kisha mimi. Daktari aliponiuliza nikamweleza habari za mama, akauliza kama nina dada, na kama dada ana mabinti. Basi mchukue Shamimu mwende Korogwe wiki hii, mkapimwe wote wawili. Msingoje maumivu, uvimbe wangu haukuuma hata siku moja. Msingoje mavuno, wala magoti yapoe. Shamimu msomee barua hii yote, asifichwe kitu, mambo ya kufichana tumeona yalikotufikisha. Na wewe, dada, ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa ndani ya basi.

Nisalimie shemeji na majirani wa mama, hata wale walioguna. Shital anawasalimu ingawa hamjuani. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Tatu