Kilimi cha Nasra

Mwanangu Nasra,

Barua hii nimeituma kwenye simu ya bibi yako, kwa hiyo yeye ndiye anayekusomea. Kaa karibu naye, na mkumbushe avae miwani.

Tangu mrudi Korogwe na mama yako, chumba chetu cha hapa Muaither, Doha, kimepoa. Hakuna wa kuniuliza maswali. Wewe ulikuwa unauliza mpaka chai inaingia baridi: mbona huku mvua hainyeshi, mbona paka wa Doha hawaogopi watu. Nikitoka kazini sasa najiuliza mwenyewe.

Jana bibi alinipigia. Alisema kikohozi chako kimerudi, na ameshamwita mzee wa kukata kilimi, kile kinyama cha kooni, atakuja Ijumaa.

Basi nikaikumbuka ile asubuhi ya kliniki. Ulikuwa umekohoa wiki nzima. Ikama yako, kibali cha kuishi huku, haikuwa imetoka, kadi ya afya ilikuwa bado, na sisi tulishajua kwamba bila kadi mtoto hapokelewi. Majirani zetu Watanzania walisema ni kilimi tu, urudishwe nyumbani kikakatwe. Mama Wanjiru, yule Mkenya wa chumba cha pili, ndiye aliyetuuliza, "Kwani mlienda mkafukuzwa, ama mnajiambia tu?" Tulikuwa tunajiambia tu. Tukaenda, tukalipia kidogo, ukaonwa.

Unamkumbuka yule mama kutoka Kolombia tuliyekaa naye kwenye benchi? Mwanawe alikuwa amefungwa uzi mwekundu mkononi, na wewe hukutulia mpaka nikuulizie kama uzi ule unatibu. Mama yule akacheka. "Uzi ni wa bibi yake," alisema. "Daktari ni wangu." Mpaka leo nawaza, kwenye benchi lile kila mtoto alikuwa ameletwa na mama yake, na bibi yake pia alikuwapo bila kuonekana.

Daktari alikupa kioo uone kilimi chako. Wewe ukataka kuona na changu. Nikaachama, ukamulika na tochi yake, ukachungulia weee. Kisha ukasema, "Baba hana. Nani alikichukua?"

Nilimweleza daktari kwamba kwetu kilimi kikirefuka kinamkohoza mtoto, kwa hiyo hukatwa. Hakunicheka. Alisema kilimi chako hakina kosa lolote, una pumu, njia za hewa zinabana. Ukapewa kale kachupa ka kuvuta dawa, na kwa siku chache ukawa unakimbizana na watoto wa Mama Wanjiru koridoni. Mimi nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nikabaki nikijiuliza: kikohozi changu cha utotoni kiliponywa na kile kisu, au kingeisha chenyewe? Hakuna aliyewahi kuuliza.

Sasa nenda ukacheze, mwanangu. Nimekukumbuka sana.

Mama, shikamoo. Kuanzia hapa usimsomee mtoto.

Najua tangu mwanzo umeelewa kwamba nasema na wewe. Kwenye simu nilishindwa, maana sijawahi kukukatalia jambo. Uliniambia, "Wewe chako kilikatwa, na huyo hapo unaongea." Ni kweli, naongea. Lakini siku ile tulikatwa wawili, mimi na Hamisi. Niliambiwa ndugu yangu alichukuliwa na homa, na miaka yote hii sijakuuliza homa ile ilianza lini. Leo pia sikuulizi. Ulitutakia uzima wote wawili, hilo sina shaka nalo hata kidogo.

Ijumaa mzee akija mkaribishe chai, mzungumze, kisha arudi kwake salama. Nasra mpeleke hospitali ya wilaya, na kachupa kake mkononi.

Ni mimi baba yako, Nasra. Na mwanao aliyebaki, Mama.