Maziwa ya Madoa na Dada wa Sindano

Mshauri wetu, pole na kazi ya kubebeshwa mizigo ya watu usiowajua. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nimesoma mpaka darasa la saba, naandika haraka kwa sababu Filipo wangu amelala na akiamka ndiyo basi tena, na nakuomba unijibu kabla ya Saba Saba maana baada ya sikukuu kuna mkutano wa kijiji na mimi nimepangiwa neno la kusema ambalo sijui kama nilitamke au nilimeze.

Tunakaa kijiji kipya huku Singida, tulihamishiwa mwaka juzi, nyumba zimepangwa mistari na mazizi yamesogeleana hata ng'ombe wa jirani akikohoa unamsikia. Mwaka huu tulipomaliza kuvuna uwele akaja dada mmoja anaitwa Ndugu Martha, suruali, mabuti ya mpira, kasha lake la barafu begani, na mwenyekiti akatutambulisha kwamba huyu ni daktari wa mifugo, ameshahitimu, ila Chuo Kikuu kimempa nafasi ya kutafuta shahada ya pili, na masomo yenyewe hayasomwi darasani, yanasomwa mazizini, anatafiti kwa nini ng'ombe wetu wanatupa mimba. Mama mkwe wangu akasema pale pale, "Amehitimu, halafu anasoma tena? Basi huyo alifeli, wanamficha." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini tangu siku ile sijacheka tena.

Kwanza anatoa damu, na damu yenyewe haimwagi, anaiweka kwenye vichupa anaondoka nayo. Pili kila ng'ombe akishamchoma anambana kibati chenye namba sikioni, na jirani yangu Yustina anasema leo namba sikioni, kesho zizi la kijiji, utaulizwa ng'ombe wako yuko wapi na wewe unamwona kwa macho. Tatu, na hili ndilo linaniuma, alipoomba mtu wa kumzungusha alipewa mume wangu Alute kwa kuwa aliwahi kufanya kazi kwenye josho, na sasa Alute wangu anaondoka asubuhi na mapema na kurudi jioni ananuka dawa, nikimwuliza leo mlikuwa zizi la nani ananiambia, "Mama Filipo, hayo hayasemwi."

Na kweli hayasemwi. Hapa kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani kwake, anawagawa kwa ndugu na marafiki, anayemlea ng'ombe anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na nani ana wangapi kwa nani ni siri ya wawili. Hata huyu Madoa ninayemkamua si wetu, ni wa mjomba wa mume wangu, nakuomba hilo lisitokee gazetini. Lakini siri ya wanaume wawili naijua, hii ya mwanamume na dada wa sindano ndiyo siijui.

Mwezi uliopita Alute aliniaga kwamba wanapeleka vichupa Itigi vipakiwe kwenye treni viende vikapimwe, akalala huko, akarudi kesho yake mchana anasema treni ilichelewa. Yustina alikuwa Itigi siku hiyo anauza asali, akanijia na kitenge hajakifunga vizuri kwa haraka ya kuniambia, "Shoga, mumeo nimemwona kwa macho haya, wamekaa benchi moja la stesheni, kasha katikati yao, wanagawana muhogo wa kuchoma!" Nikamwambia mtu akisafiri si lazima ale? Akanijibu, "Ale, lakini wa kwake." Mshauri, sikulala.

Majibu ya vichupa yalipokuja, huyo Ndugu Martha akafika nyumbani, akampigia mama mkwe shikamoo vizuri tu, kisha akamvuta Alute pembeni ya zizi wakanong'ona, na mimi nimesimama na mtoto mgongoni kama mti. Tangu siku ile Alute haonji maziwa. Anasema tumbo. Halafu juzi nikamkuta nyuma ya nyumba anamwaga kibuyu kizima kwenye majivu, maziwa niliyoyakamua kwa mikono hii, nikamuuliza una akili, akasema, "Yamechacha." Maziwa ya asubuhi yatachachaje asubuhi hiyo hiyo? Nikawaza mengi, kwamba labda amepewa kitu na yule dada, labda wanataka Madoa aonekane hafai ili wamchukue, labda ananichukia mimi na kila kilichopita mikononi mwangu. Nikamwambia mama mkwe huenda yule dada alisema tuchemshe maziwa, maana nilimsikia akiwaambia watu wengine hivyo, mama mkwe akapiga kelele, "Thubutu! Maziwa yakipita motoni, chuchu za ng'ombe zinapasuka, na huyu ni ng'ombe wa mwenyewe, utamlipa nini?" Basi nikaacha, Filipo anayanywa hivyo hivyo kutoka kibuyuni, na hana kingine, kwa sababu mimi maziwa yangu yalikata kwa homa. Hii homa yenyewe inakuja jioni inaniloanisha jasho, asubuhi imeondoka, baada ya wiki inarudi, kiuno na magoti yananiuma kama bibi kizee, nasema ni uchovu wa kulima na kulea. Ilinianza siku si nyingi baada ya Madoa kutupa ndama wakati wa kupalilia, siku hiyo Alute hakuwepo, nikamvuta ndama mwenyewe kwa mikono, amekufa, maskini.

Sasa wanawake wa mstari wetu wamekaa, wameona ng'ombe wawili wa kina Yustina wametupa mimba baada ya kuchomwa sindano, wamekata shauri dada afukuzwe mkutanoni, na mimi kama mke wa anayemzungusha ndiye nisimame niseme hata Madoa alitupa baada ya sindano, kwa kuwa mimi nitaaminika. Yustina ananiambia, "Neno moja tu, mdogo wangu, na mumeo anarudi nyumbani." Nampenda mume wangu, sitaki kumwaibisha mbele ya watu, lakini nyumba hii nayo ni yangu na mtoto ni wangu. Niseme au nisiseme?

Ni mimi,
Mama Mwenye Mashaka, Singida

*Bibi Theodora anajibu:*

Mama Mwenye Mashaka, pole sana. Ng'ombe wako nimembadilisha jina na rangi, watu wote nimewabatiza upya, na mwenye ng'ombe huenda ni mjomba, huenda si mjomba. Hakuna atakayekujua. Sasa kaa nikuambie, na usikasirike.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikamshuku mumeo. Nimeisoma tena, nikaona wewe mwenyewe umeshaandika majibu, umeyaruka tu ukikimbilia benchi la stesheni. Tulimalize hilo benchi. Shahidi wako, ambaye hakupendelea kuwatetea, amesema kasha lilikuwa katikati yao. Watu wawili wanaolinda barafu isiyeyuke wakisubiri treni wana njaa, na muhogo ni muhogo. Yustina ana macho makali, mshukuru, lakini usimkabidhi ndoa yako aifunge na kuifungua kama kitenge chake.

Unamwuliza mumeo walikuwa zizi la nani. Hilo kweli hawezi kukujibu, umenieleza mwenyewe sababu. Lakini hujanionyesha hata mahali pamoja ulipomwuliza, "Alute, Madoa ana nini?" Mwulize hilo. Mwanamume aliyeacha kunywa maziwa siku ile ile alipopewa majibu ya damu hajapewa dawa ya mapenzi, mama, amepewa habari mbaya na hajui aitoeje. Kama ng'ombe ni mgonjwa, mlezi atamwambiaje mwenyewe bila kuonekana ametunza vibaya, au anatafuta njia ya kumchinja amle? Naona anaogopa. Tena namlaumu sana, kwa maana anamwaga kibuyu kimoja kwa kuiba na vingine anamwacha mtoto anywe. Aibu yake asinyweshwe mtoto. Mwambie hivyo, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili.

Na huyo Ndugu Martha nikimwona nitamkaripia pia. Anachofanya kinaeleweka. Nafasi za utafiti kama hiyo ni chache, wanapewa waliokwisha kuhitimu udaktari wa mifugo, nao hawapewi cheti kwa kukaa na vitabu, lazima watafute jibu ambalo halijaandikwa na mtu. Namba ya sikioni, nionavyo mimi, ni ili damu ya Madoa isichanganywe na ya jirani. Muulizeni mwenyewe mbele ya watu, aseme na kama namba hizo zinapelekwa kwingine. Ana haki ya kufanya kazi, ninyi mna haki ya kuuliza. Lakini kumnong'oneza mwanamume pembeni ya zizi habari ya maziwa, na anayekamua amesimama hapo na mtoto mgongoni? Hiyo elimu imepita juu ya kichwa cha mwenye kuihitaji.

Mimi si daktari. Nimemsomea kipande cha barua yako daktari wa mifugo, bila majina, akaacha chai yake. Amesema uko ugonjwa wa kutupa mimba ambao hauishii kwa ng'ombe. Mtu anaupata kwa kushika ndama na kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na kwa maziwa mabichi, na homa yake huja jioni na kuondoka, na viungo huuma. Hajasema ndio ulio nao, hawezi kusema kutoka Dar es Salaam. Amesema uende hospitali wiki hii, wewe na mtoto, na umweleze daktari habari ya ndama usiache kitu. Uchovu wa kulea naujua, nimelea watano. Hauleti jasho la kuloanisha nguo kisha ukapumzika ukarudi wiki nyingine.

Maziwa yachemshe kuanzia leo, mpaka yapande juu ya sufuria. Mama mkwe wako mheshimu, usimjibu, ila mkumbushe desturi yake mwenyewe: ndama ni wa mwenye ng'ombe, maziwa ni ya anayemlea. Basi unachemsha mali yako. Chuchu za Madoa zikipasuka mimi nilaumiwe, anwani ya gazeti mnayo. Madoa akitupa tena, usimshike bila kitu mikononi. Na mjomba aitwe, aambiwe na Alute ana kwa ana, dada wa sindano akiwepo kueleza majibu, kabla hajasikia kwa watu.

Nimeacha mkutano mwisho kwa sababu ndiko unakoweza kuharibu. Umeandika kwa mkono wako kwamba Madoa alitupa wakati wa kupalilia, na dada alikuja mmekwisha kuvuna. Sindano ya mavuno haiwezi kumtoa ndama wa wakati wa kupalilia. Ukisimama kusema vinginevyo, yeye atapoteza shahada, na shahada inaweza kutafutwa tena. Ninyi mtabaki na mazizi yaliyosogeleana, ng'ombe wanatupa mmoja baada ya mwingine, na mtu pekee aliyekuja kuuliza kwa nini, mmemfukuza. Ng'ombe wa Yustina huenda walikuwa wagonjwa kabla ya kuchomwa. Huenda si hivyo. Hilo ndilo linalopimwa.

Kwa hiyo simama, mwanangu, maana wamesema utaaminika. Sema Madoa alitupa lini, ulimvuta kwa mikono gani, na homa ilikuanza lini. Wanawake wenzako wenye homa ya jioni watajijua wenyewe. Yustina atanuna mpaka mvua za kwanza, mpelekee muhogo wa kuchoma.

Umemshuku mume, umemshuku dada, umeshuku kibati na treni. Mashaka yako si mabaya, yalikosa tu mahali pa kukaa. Yapeleke kibuyuni kwanza, na huyo mtoto asinywe maziwa mpaka yamechemka.