Mlinzi wa Mnara wa Buyangu

Jumatatu, 3 Agosti 1964

Nimeamka saa kumi na moja. Nimenyoa ndevu, nimesoma Zaburi moja, nimepalilia mistari miwili ya maharagwe kabla jua halijawa kali. Chai bila maziwa. Ng'ombe hajapona.

Saa nne imefika barua ya baraza. Ina makosa matatu ya tahajia. Nimeyapigia mstari.

Baraza linaupokea mnara wa Buyangu kutoka idara ya misitu. Ni mnara wa kulinda moto, wa tangu siku za Wazungu waliokuja kuchimba dhahabu. Sasa wananchi wanaruhusiwa kuupanda kila Jumamosi kutazama msitu. Mimi, mwalimu mstaafu, natakiwa niuzuru na kuandika taarifa: mlinzi aliyepo abaki na kazi yake na nyumba yake, au aondoke. Baraza litafuata neno langu.

Mlinzi aliyepo ni Andambi.

Nimengoja miaka kumi na minne. Mungu ni mwema.

Jumanne, 4 Agosti

Niandike mambo yalivyokuwa, hasira isije ikayapotosha.

Mwaka 1950 vijana kumi wa kijiji chetu walitahiriwa, mwanangu Elisha akiwamo. Walitengwa katika kibanda ukingoni mwa msitu, bonde la kijito cha Mukhonje. Mdogo wangu Lukalo alikuwa mtunza moto wao. Moto huo hauzimwi mpaka vijana watoke. Mtunzaji huchoma kuni kavu tu, moshi usionekane, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikataza moto msituni.

Siku ya tisa walikuja askari wa misitu. Waliukanyaga moto kwa viatu. Walimfunga Lukalo kamba, wakaenda naye. Alikufa gerezani mwezi wa nne wa kifungo. Ugonjwa wa kifua.

Andambi alijigamba kilabuni. Alisema alimwona kutoka mnarani, anachoma kuni mbichi kama mpishi mvivu. Wazungu walimpa koti jipya. Watu walimwamini. Rika la mwaka ule likaitwa Wana wa Moshi, na jina la rika halifutwi. Elisha ni mtu mzima mwenye watoto, lakini bado huitwa hivyo sokoni, kwa kicheko. Mama alikufa akiamini kwamba Lukalo aliuawa na uzembe wake mwenyewe.

Sijamsalimia Andambi tangu siku ile. Namchukia. Hakuna neno jingine.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekwenda. Asubuhi Robai, mke wangu, alinitazama nikifunga tai. "Baba Elisha, unaenda kukagua mnara ama kuzika mtu?" Nilikaza fundo.

Ngazi themanini na nne. Nilipumzika mara mbili. Andambi alikuwa juu, amevaa koti lile lile, viwiko vimetoboka. Amezeeka kuliko mimi. Nilifurahi.

Aliniamkia kwa heshima. Nikaitikia kwa sababu nilikuwa kazini. Akaanza kuonyesha: kule vilima vya Nandi, kule paa za mji, kule mto Isiukhu unapopinda. "Hapa unaonanga kila kitu, Mwalimu. Hakuna kitu inaweza kujificha."

Nikasema, "Nionyeshe Mukhonje."

Akageukia Nandi. Nikachukua darubini mwenyewe. Niliipitisha upande ule mara tatu, polepole, kama mtu anayesoma mstari asioamini. Kuna kilima. Si miti iliyokua juzi: kilima cha mawe. Bonde lote liko nyuma yake.

Nilimuuliza aliwezaje kuona. Aliketi juu ya kibao. Alisema hakuona chochote. Askari walikuwa wakifuata wezi wa asali, wakakiangukia kibanda kwa bahati mbaya. Jioni Mzungu mkubwa wao akamuuliza analipwa mnarani kwa kazi gani. Akaogopa. Akajibu kwamba alikuwa ameuona moshi, na mjumbe wake ndiye aliyechelewa. Kuni mbichi aliziongeza baadaye, ili moshi uwe mkubwa wa kusadikika.

"Ningesema nini, Mwalimu? Mlinzi haoni, si atafukuzwa?"

Nilishuka bila kuaga. 

Ijumaa, 7 Agosti

Sikulala vizuri. Nilimchukia Andambi kwa kuona. Sasa namchukia kwa kutoona. Ya pili ni mbaya zaidi. Alimvua marehemu jina lake ili yeye avae koti.

Lukalo alichoma kuni kavu. Miaka kumi na minne nami nilisitasita kuamini hivyo. Naandika hapa kwa aibu.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimempa Elisha habari yote. Alisimama, akatoka nje, akapasua kuni mpaka mchana. Kisha akasema anakwenda Buyangu na panga. Nilimwambia aketi. Panga humaliza mambo upesi mno.

Nimeandika barua kwa bwana misitu kuomba ruhusa ya kuwasha moto Mukhonje, Jumamosi, saa nne hadi saa tano. Sababu: kupima uwezo wa mnara. Ni sababu ya kweli.

Alhamisi, 13 Agosti

Ruhusa imekuja, ina muhuri. Wana wa Moshi wamebaki wanane, wawili walikufa. Wote wanane wamekubali. Mmoja, fundi baiskeli, atatoka Butere.

Njuga za vijana wanaotahiriwa mwaka huu zinasikika barabarani. Nimefunga dirisha.

Jumamosi, 15 Agosti

Elisha na mwenzake walishuka Mukhonje na mzigo wa kuni mbichi na majani mabichi juu yake. Sita walipanda nami. Jukwaa lilijaa. Kulikuwa pia na karani wa mjini na mkewe, waliokuja kutazama msitu. Sikuwaomba waondoke. Mashahidi wasio na undugu nasi ni wazuri.

Saa nne kamili nilitoa saa mfukoni. Tukangoja. Robo saa. Nusu saa. Hewa ya bonde lile huteremka na kijito, na miti mikubwa huumeza moshi. Juu ya kilima hapakuonekana hata uzi.

Fundi baiskeli wa Butere alikuwa wa kwanza kusema. "Mzee Andambi, tuonyeshe basi. Macho leo yameenda wapi?"

Mwingine akasema, "Usimlaumu. Moshi nao umepata uhuru, hauripoti tena kwa mtu."

Walicheka mpaka mbao zikatikisika. Mke wa karani aliuliza kuna nini, na fundi akamweleza yote, kwa sauti, jina la Lukalo kwanza. Andambi aliikamata reli kwa mikono miwili. Alisema neno moja, "Nilidanganya." Wakamtaka arudie. Akarudia. Wakamtaka alitaje jina la marehemu. Akalitaja.

 Nilimtazama usoni muda wote na nilishiba.

Saa sita na dakika kumi Elisha alifika juu, amejaa masizi, macho mekundu kwa moshi, ananuka moshi hata nyusi. Alituuliza, "Mmeona?"

Hakuna aliyeona. Yule wa Butere alivua kofia. Kijana wangu akalia mbele za watu. Nilimwacha alie.

Jumapili, 16 Agosti

Habari imefika kanisani kabla yangu. Mzee mmoja wa ukoo, aliyekataa kuhutubu siku ya mazishi ya Lukalo, alinishika mkono. Alishindwa kupata neno. Nilimwacha ashindwe.

Jumatatu, 17 Agosti

Taarifa. Niliandika rasimu ya kwanza: aondoke. Mwandiko safi, hoja nne. Niliona raha kuiandika.

Kisha Robai akaniambia alichosikia sokoni. Andambi ana kaka huko Lumakanda, aliyepata shamba la Mzungu katika mpango wa makazi. Amemwita. Akifukuzwa atahamia huko, alime mahindi. Lumakanda kila mtu ni mgeni. Hakuna anayejua jirani alikuwa nani jana. Baada ya misimu miwili ataitwa mzee wa kijiji.

Nimeichana rasimu.

Taarifa niliyoituma ni hii: mlinzi Andambi abaki na kazi yake na nyumba yake. Anaujua mnara. Wageni wa Jumamosi wahudumiwe na yeye mwenyewe. Nimependekeza pia kibao cha mbao juu ya jukwaa, chenye mishale ya kuonyesha Nandi, mji, Isiukhu na, nyuma ya kilima, Mukhonje: hakuonekani kutoka hapa.

Kila Jumamosi atawapandisha watu. Kila Jumamosi mtu atasoma kibao na kumuuliza kwa nini.

Jumapili, 23 Agosti

Mchungaji amehubiri juu ya msamaha. Alinitaja bila jina. Alisema mwalimu mmoja mwenye kidonda cha miaka mingi alipewa fimbo, naye akaiweka chini. Watu waligeuka kunitazama. Wengine walitikisa vichwa kwa kunisifu. Elisha peke yake alitazama miguu yake.

Nilikaa wima mpaka wimbo wa mwisho.

Jumanne, 25 Agosti

Mke wa Andambi amekuja, kwa miguu kutoka Buyangu. Ni mgonjwa wa miguu. Alitembea tangu alfajiri. Alikuwa na kuku jike chini ya kwapa, mweupe, mnene. Alipiga magoti mlangoni ingawa nilimkataza. "Mwalimu, umetuachia nyumba. Mungu akuzidishie siku. Huyu ingokho ni wako." Hajui kwa nini niliwaachia. Alikunywa uji, akaondoka.

Kwetu kuku wa mtu akiliwa, ugomvi umekwisha. Si maneno ya kanisani. Ni sheria ya tangu babu, nami sijapata kuivunja. Robai anaijua vilevile. Jioni alisimama na kisu mlangoni mwa jiko.

"Nimchinje?"

Nilimwambia, si leo.

Jumatano, 26 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Sikupalilia. Nimesoma Zaburi, nimekunywa chai. Kuku ametaga yai chini ya meza yangu ya kuandikia. Robai hakuuliza tena. Nimehamisha miguu yangu ili nisimguse kuku.