Mchango wa Wajenzi na Mdomo wa Bertin

Koekelberg, Brussels
14 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Rolande,

Nakusalimia sana, wewe na wote wa nyumba ya Uvira. Mguu unaendeleaje? Dawa tuliyotuma ilifika, ama imelala njiani? Hapa mke wangu Bibiane na watoto ni wazima, baridi imeanza, makoti tumeshayatoa. Mimi sina ugonjwa, ila usingizi hautoshi.

Bon, habari yenyewe inamhusu mwanao Bertin. Usishtuke: hajaumia, hajakamatwa.

Kazi yangu unaijua: nafunga rafu na kaunta madukani. Sijawahi kupanga tofali moja juu ya lingine. Hapa kampuni za ujenzi hulipa mchango wa kufundisha mafundi wa ujenzi, na miaka yote mimi sikuwa kwenye hesabu hiyo.

Mwezi wa sita mama mmoja mkaguzi aliingia kwenye duka tulilokuwa tunalitengeneza Saint-Josse. Mimi nilikuwa nimekwenda mtaa wa Forest kuchukua mbao. Akamuuliza Bertin, aliyebaki kazini, kampuni hii inafanya nini. Kwetu, unajua, mtu hamfanyi mkubwa wake kuwa mdogo mbele ya mgeni. Mwanao akasimama wima: "Madame, tonton, mjomba wangu, ni mjenzi mkubwa. Maduka ya barabara hii yote ni mkono wake."

"Na ukuta huu?"

"Huo pia, madame."

Ukuta ule, Yaya, una umri wa babu yetu. Ngoy, mwenzake wa kazi, alicheka hadi bisibisi ikamponyoka.

Mkaguzi hakucheka, aliandika. Mwezi uliopita ofisi ya mchango huo iliniingiza kwenye orodha ya wajenzi na kunidai miaka miwili ya nyuma: robo mwaka nane, kila moja euro 450. Ni 3,600, na robo inayofuata inakuja na 450 yake.

Mhasibu wangu anasema naweza kupinga, kwa sababu kinachoangaliwa ni kazi tunayofanya kweli. Ila Bertin lazima atie sahihi kwamba alimdanganya mkaguzi. Na karatasi zake za kukaa nchini zinangoja kuongezwa muda mwezi huu huu. Niipeleke ofisini karatasi yenye jina lake na neno "alidanganya"? Nisipolipa, faini inapanda. Nikilipa, mshahara wa mtu mmoja kati ya wanne unakosekana, na wa mwisho kuingia ni yeye. Nimegeuza hesabu hii kila upande. Kila mara inamwangukia mwanao.

Donc, basi, nalipa, kidogo kidogo. Ili nisimfukuze mtu nimeuza gari dogo la kazi, na sasa mbao tunazibeba kwa safari mbili. Pesa ya mabati ya nyumba yako haitakuja Noeli hii. Sikupenda kuandika mstari huo.

Lakini silipi bure. Wakisema mimi ni mjenzi, basi mfanyakazi wangu ana haki ya kukaa katika shule inayolipiwa na mchango huo. Nimemwandikisha Bertin kujifunza plasta na vigae, anaanza Jumatatu. Anakataa. Anasema ameniharibia, ataacha kazi aende mbali kufungasha viazi kiwandani. Tangu habari hii ije anakula chumbani. Bibiane humwita, "Bertin, njoo mezani, baba." Anajibu ameshiba.

Mimi bado nina hasira. Nilijaribu kuongea naye vizuri, sentensi ya tatu nikataja ile 3,600, akaondoka. Mpigie wewe kabla ya Jumatatu. Mwambie sitaki arudishe hata senti, nataka akae kwenye benchi la shule ile. Akienda zake, nitabaki nalipia shule ya watoto wa watu, na mezani kwangu kiti chake kitakuwa kitupu.

Nisalimie Maman Adelina na Éliézer, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu autie nguvu mguu wako, na akupe maneno ambayo mimi nimeyakosa.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata nikiwa na deni,

Onésime