Swali la Baharia wa Kopenhagen

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum kutoka Jeddah. Bibi yako mzima, ni goti tu linamsumbua. Ghorofa ya chini wamepanga madereva Wakenya walioletwa na maajenti. Wananiita guka, yaani babu, nami naitika.

Unauliza: wenzako wa chuo huko Kopenhagen wakisema "kwenu wapi," utaje Unguja usikowahi kuishi, au Jeddah tunakohuisha ikama, kibali cha ukaazi, kila mwaka?

Nilipokuwa karani kijana wa bandari hapa, baharia mmoja wa Kopenhagen alinieleza kuwa jina la mji wake maana yake ni bandari ya wafanyabiashara. Nikamwambia Jeddah wengi husema ni bibi, kwa ajili ya kaburi la Bibi Hawa; wengine husema ni pwani tu.

"Wewe una bibi, mimi nina soko!" akacheka. "Umezaliwa hapa?"

Swali hilo liliniuma kama linavyokuuma wewe. Nikamchukua kwetu, mtaa wa Kandara hapa Jeddah, mama amjibu.

Mama akamtilia chai, akaniambia, "Muulize kwanza, mamake anajua yuko wapi?"

Nikamfasiria. Baharia akainama, kisha akaomba karatasi amwandikie mamake. Aliandika mpaka chai ikapoa, na swali lake sote wawili tulikuwa tumelisahau.

Basi taja Unguja au taja Jeddah, mwanangu, hutakuwa umesema uongo. Lakini mama yako hunipigia simu kutoka Riyadh kila Ijumaa kuniuliza kama nimekusikia. Mpigie leo.

Babu yako