Picha Iliyomkondesha Zakayo

Jumapili, Julai 1973. Riruta.

Baridi, manyunyu tangu asubuhi, na kuku wawili wamefungwa kwenye mguu wa kitanda changu. Wananitazama nikiandika. Wameletwa kutoka nyumbani ili wamnenepeshe mume wangu, mtu ambaye juzi fundi wa nguo alimwomba kwa heshima aache kumpelekea suruali zilezile zipanuliwe.

Kosa ni langu, shajara. Mbele za watu nimelikana tangu Ijumaa, lakini wewe huna mdomo.

Kazi yangu unaijua. Pale studio ya Bwana Ratilal, juu ya duka la vitambaa mjini, mimi ndiye penseli. Mtu akishapigwa picha, filamu inaletwa mezani kwangu, nami nachora juu ya kila mkunjo na kila kovu mpaka vipotee. Watu wanaingia na nyuso, wanatoka na mayai. Ukuta wetu wote umejaa mayai, mengine yamevaa tai. Nilikuwa nimechoka.

Ndipo Zakayo akaleta jarida. Yeye ni mpishi kwa Wazungu fulani kule Kitisuru, na jarida lao la zamani lilikuwa limefungia vitunguu. Ndani yake mlikuwa na uso wa mchimba makaa ya mawe wa nchi za mbali, nusu mwanga, nusu giza, kila kinyweleo kinaonekana, kila mkunjo mweusi kama umechorwa na mkaa wenyewe. Nilisahau kupika. Niliitamani picha ile kuliko koti lolote nililowahi kuliona dirishani.

Zakayo naye alikuwa akitaka picha ya kumpelekea mamake. Mungu anisamehe, niliona nafasi.

Nilizima taa zote za studio nikabakiza moja, nikaiweka ubavuni mwake, karibu na sikio. Nikampaka mafuta ya kupikia usoni ang'ae kama mwenye jasho. Filamu nikaiacha kwenye dawa ya kusafishia picha kupita kiasi. Nilipoichapisha nilitumia karatasi kali, ile isiyojua rangi ya katikati, nikakinga uso kwa kiganja huku pembeni mwanga ukiunguza mpaka pakawa usiku mtupu. Penseli sikuigusa. Upande mmoja wa uso uliingia gizani na shavu lake lote, na upande uliobaki ulikuwa wa mtu aliyeiona njaa ana kwa ana.

Tena ilikuwa njaa ya kweli. Asubuhi ile nilimnyima chai, ili macho yawe makali.

Bwana Ratilal aliitazama picha akakunja midomo. "Rispa, hii nani? Polisi natafuta yeye?" Sikujali. Nilijiona bingwa. Nikampa mtu wa kanisa letu aliyekuwa akienda nyumbani, aipeleke kwa Mama Mkwe.

Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama Mkwe mwenyewe ameketi juu ya debe mbele ya mlango wangu, kuku miguuni, mfuko wa mizizi ya dawa mapajani, picha mkononi. Kanisani kwao, alisema, Zakayo ameshaombewa mpaka mchungaji amepotewa na sauti.

"Bibi ya Zakayo, mtoto yangu ako wapi?"

Salamu hakuna.

Zakayo akafika, akajaza mlango. Nikapumua, nikajua kesi imekwisha. Mama Mkwe akaitazama picha, akamtazama yeye, akarudi kwenye picha. Kisha akambonyeza shavu kwa kidole na kungoja aone kama shimo litabaki.

"Hii si mafuta," akasema. "Hii ni kuvimba."

Na Zakayo wangu, anayegombana na wauza nyama wote wa Dagoretti kwa sababu ya mfupa mmoja, akasimama pale, akainama abonyezwe vizuri. Uamuzi ukatolewa: Jumatatu anarudishwa nyumbani, atakunywa mizizi mpaka uvimbe ushuke. Nilijaribu kueleza kwamba jiko la Kitisuru halingoji mtu, kwamba kuna wapishi wanaolala langoni pale wakingoja Zakayo aunguze mchuzi tu. Hakunisikia. Na mimi nilishajiona ninavyotajwa kijijini: yule aliyemwua mpishi kwa njaa.

Kwa mila zetu mama halali nyumba ya mwanawe, kwa hivyo tukamwombea nafasi kwa jirani. Kulipokucha, ploti nzima, wapangaji wa vyumba vyote, ilijua kwamba mimi humpimia mume wangu unga kwa kijiko. Nikienda mferejini wanawake wananyamaza. Nililia kidogo nyuma ya choo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jana Zakayo alipotoka kazini nikawachukua wote wawili mpaka studio. Bwana Ratilal alinung'unika juu ya bili ya umeme, halafu akatuachia chumba. Nikamkalisha Zakayo kwenye kigoda, Mama Mkwe mbele yake, nikashika taa.

Taa mbele: Zakayo mnene, anang'aa kama andazi.

Taa ubavuni: Zakayo mgonjwa.

Nikairudisha mbele, nikaipeleka tena ubavuni, mara kadhaa, nikieleza kama mwalimu. Umeona, Mama? Ni taa tu. Ni kiini macho. Mwanao anakula kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Nilikuwa nimeshinda, nikaanza kuiondoa taa.

"Rudisha."

Nikairudisha ubavuni.

"Hapo. Usitingishe."

Alikaa akimtazama. Zakayo naye hata kupumua aliacha, mafuta yanamtiririka shingoni, maana nilikuwa nimempaka tena.

"Huyo ni babako," Mama akamwambia. "Hivyo ndivyo alikuwa, ile mwezi ya mwisho."

Babake alikufa Zakayo akiwa anatambaa. Hakupigwa picha hata moja maishani mwake. Mume wangu hajawahi kuuona uso ule, na jana alikuwa ameuvaa, na hakuweza kugeuka auangalie. Mama hakupanda basi kwa sababu ya unga. Aliletewa bahasha, akaifungua, akamkuta marehemu mumewe, anakufa tena, na jina la mwanawe limeandikwa nyuma.

Nami nilidhani nimempiga picha mchimba makaa.

Niliona haya. Halafu nikafurahi kwamba picha ile ilikuwa nzuri kiasi hicho, halafu nikaona haya tena kwa kufurahi.

Zakayo alimwomba mamake ampe picha aitazame. Akaitazama sana, akauliza kama babake alikuwa mtu wa kucheka. Mama akasema alikuwa anacheka mpaka anakera. Kisha akaichukua tena, akaifunga kwenye leso na kuitia kifuani.

"Hii ni yangu. Sasa utengeneze ingine ya watu. Hiyo umpatie mashavu yote mbili, kanisa iache kuomba."

Kwa hivyo Zakayo haendi popote. Mama anapanda basi kesho, peke yake. Mizizi ameniachia mimi, anasema nimekonda.

Lakini kabla hatujatoka studio alimwondoa mwanawe kwenye kigoda, akakaa yeye, akanyoosha kitambaa cha kichwa.

"Piga mimi pia."

Nikafurahi sana. Uso ule! Nikainyakua taa niiweke ubavuni, naye akanishika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa akaniita jina langu.

"Wacha hiyo maneno yako, Rispa. Weka taa mbele. Na hizi mikunjo, toa zote."

"Zote, Mama?"

"Zote. Babake huyu aliniacha nikiwa msichana. Akinipata hivi hatanijua."

Filamu yake iko kwenye droo yangu ya kazini. Leo, baada ya kanisa, nimechonga penseli zangu zote, na kesho nitaanza na paji la uso, polepole.